Nilipigilia Dari ya Mke Mwenzangu kwa Misumari Mifupi

Nina miaka arobaini na minne. Niiteni Wakesho. Ninaishi katika chumba cha kupanga hapa Mwatate, nyuma ya soko, na ninapoandika haya nimefunga mlango kwa sababu sitaki jirani aone uso wangu.

Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu kwa miaka mingi. Nimewalilia. Nimewahukumu pia, sitaficha... Mara ngapi nimemaliza kisa cha mtu nikajiuliza kama alikuwa na akili zake timamu? Leo ni zamu yenu kuniuliza mimi.

Kazi yangu ilikuwa ufundi wa nyumba, na kuufundisha. Kwa miaka kumi na mmoja nilifundisha kina mama na vijana katika chuo kidogo karibu na Voi. Nilijulikana kwa uvumilivu. Mwanafunzi akikosea mara saba, nilimweleza mara ya nane bila kupandisha sauti. "Umekaribia, jaribu tena," ndiyo maneno yangu. Wengine walinitania kwa maneno hayo hayo nikipita sokoni.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni dari ya vigae vya bati. Labda umeiona katika hoteli za watalii. Ni vipande vya mraba vya bati jembamba, vimepigwa mashine vikatokeza maua na duara, vinapangwa kimoja baada ya kingine hadi dari yote inakuwa kama kitambaa kilichotariziwa. Hapa kwetu waliojua kuipigilia vizuri walikuwa wachache. Mmoja wao ni mimi.

Mume wangu anaitwa Mwadime. Ni karani katika shamba la mkonge. Tulioana kanisani, tukapata mabinti wawili, Lilian na mdogo wake, ambao sasa wako masomoni mbali. Kwa miaka tisa tulijenga nyumba yetu nje kidogo ya Voi, upande wa kwenda Mbololo, chumba kimoja kimoja. Ukuta mwaka huu, madirisha mwaka ujao. Mchanga nilibeba. Rangi nilipaka. Mwaka jana, mwezi wa nane, Mwadime alikuja na kusema sasa tumefika kwenye dari.

Nilifurahi kama mtoto! Tulianza na sebule. Nilichagua vigae vyenye ua moja kubwa katikati, na nikavipigilia mwenyewe kwa wiki tatu. Mwadime alishika ngazi. Alinipa misumari, mmoja baada ya mwingine, na nikishuka alinipangusa vumbi usoni kwa kitambaa chake. Siku tuliyomaliza alipiga picha dari yote kwa simu, kona kwa kona. Nilidhani anajivunia mke wake...

Kumbe picha zilikuwa za mtu mwingine!

Vigae vya chumba chetu cha kulala vilipoletwa, nilifungua boksi nikakuta si vile nilivyochagua. Hivi vilikuwa na mizabibu iliyojisokota. Nilimuuliza Mwadime nani amebadilisha. Alisema ni mwenye duka amekosea, na kwamba kuvirudisha ni usumbufu. Nilikubali. Nani angegombana kwa sababu ya mizabibu?

Siku ya pili ya kazi nilikuwa juu ya ngazi, suruali imejaa vumbi, kichwa nimekifunga kitambaa, nikasikia viatu sebuleni. Akaingia mwanamke wa kama miaka thelathini, amevaa dera la kijani, mkoba mkononi. Aliangalia juu, akatabasamu.

"Pole na kazi, fundi."

"Tumeshapoa, mama. Karibu."

Nilimwita mama, jinsi tunavyomwita mteja! Nilidhani ni mgeni wa Mwadime kutoka kazini.

"Pale kona, mbona kama pamepinda?" akauliza.

"Hapajapinda. Ni kivuli cha dirisha. Sogea hapa nilipo uone." Nikamweleza kwa upole kabisa, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Ah, kweli. Umejua kunitoa wasiwasi." Akacheka. "Si ni maridadi lakini? Hii mizabibu nilichagua mwenyewe. Mwadime alitaka maua kama ya sebuleni, nikamwambia hapana, chumbani tulale chini ya kitu tofauti."

Chumbani tulale...

Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Mwadime alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Yule mwanamke alimwangalia, akaniangalia mimi, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa hajui fundi ni nani. Alikuwa ameambiwa mke ameshaondoka. Aliziba mdomo kwa mkono akatoka nje mbio. Mkono wake wa pili ulishika tumbo, na hapo ndipo nilipoliona lile tumbo.

Jina lake ni Damaris. Ana duka la mapazia Mwatate.

"Mama Lilian, shuka tuongee," Mwadime akasema.

"Ongea tu. Nakusikia."

Aliongea huku akiangalia miguu ya ngazi. Alisema hakupanga. Alisema mtoto atazaliwa mwezi wa tatu na hawezi kumtupa. Alisema hanifukuzi, ila itakuwa vizuri nikienda kukaa na mama yake kule Wusi, amezeeka, anahitaji mtu wa karibu.

"Na nyumba?"

"Nyumba ni ya watoto wote."

"Wote wapi, Mwadime?"

Akaokota msumari sakafuni. Ploti iko kwa jina lake, nyinyi mnajua mambo haya yanavyokuwa. Halafu akasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka meno yangu yanasagana.

"Lakini hii dari... naomba umalizie tu. Nimeuliza kila mahali, fundi mwingine wa hii kazi hakuna. Wewe una roho nzuri, Mama Lilian. Najua huwezi kuniachia chumba nusu."

Jamani! Je, ungefanya nini? Ungemrushia nyundo? Ungebeba nguo zako uondoke? Ningefanya lolote kati ya hayo, leo ningekuwa mtu mwenye usingizi. Lakini nilifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Nilitabasamu.

"Nitamalizia," nikamwambia. "Nipe siku nne."

Niwaeleze taratibu kama nilivyokuwa nikieleza darasani, ili mjue kwamba sikufanya kwa bahati mbaya wala kwa wazimu wa dakika moja. Dari ya namna hii ina tabaka mbili. Kwanza kuna mbao zilizoshikamana na paa. Chini ya mbao kuna ubao laini, ule mwepesi unaovunjika hata kwa ngumi. Kigae cha bati kinakaa chini ya huo ubao, na msumari lazima uwe mrefu, upite kwenye ubao laini uingie ndani ya mbao. Mbao ndiyo inayobeba. Ubao laini haubebi kitu. Msumari ulioshika ubao laini peke yake ni kama pini iliyochomekwa kwenye mkate.

Nilikuwa nimeyasema hayo kwa wanafunzi wangu mara nyingi hadi wakiniona wanayarudia kama wimbo.

Nilikwenda mwenyewe mjini nikanunua misumari mifupi. Kutoka chini huwezi kujua, kichwa cha msumari ni kilekile. Nilianza katikati ya chumba kama inavyotakiwa. Nilivuta uzi wa chaki, nikapima mara mbili mbili, nikalinganisha mizabibu shina kwa shina, jani kwa jani. Sijawahi kupigilia dari nzuri kama ile! Pembeni nilitumia misumari mirefu ili ukigusa karibu na mlango uone imeshika. Lakini katikati, juu ya mahali pa kitanda... pale nilitumia mifupi yote.

Nilijua joto la Voi. Mchana paa la mabati linawaka na bati la dari linatanuka. Usiku linanywea. Kila siku msumari unasogea kidogo, kidogo sana. Kingo za vigae hivi ni kali, ndiyo maana tunavaa glavu. Nilifanya hesabu ya miezi. Nilijua wawili wanalala wapi.

Je, nilitaka wafe? Nimejiuliza. Nilitaka wakatwe. Nilitaka Mwadime aamke na damu usoni akumbuke alikuwa akimshikia nani misumari. Nilimtaka yeye, na nilimtaka huyo wa dera la kijani, na sikufikiria kabisa kuhusu kilichokuwa tumboni. Mnaona nilivyokuwa? Mimi, mwalimu wa umekaribia jaribu tena!

Siku ya nne nilishuka, nikafagia vumbi, nikamwita aone. Mwadime aliangalia juu, machozi yakamlengalenga. Akaniambia asante. Nikamwambia karibu.

Niliomba likizo chuoni, nikapanda Wusi milimani na masanduku mawili.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mama tu, alinipokea langoni. Ana zaidi ya miaka sabini, mwembamba, mwepesi wa mdomo. Ni msukaji wa vikapu vya mkonge, na vikapu vyake vinajulikana hadi Wundanyi. Vidole vyake havikuwahi kukaa bure. Alikuwa anasuka akiongea, akisubiri ugali, hata kanisani nje kabla ya ibada. Hakuniuliza kitu. Aliniangalia, akachukua sanduku moja, akasema, "Chumba cha mkono wa kulia. Kile cha kushoto kinavuja."

Alinipenda tangu nikiwa bibi harusi. Alipojua alichofanya mwanawe alivimba kwa hasira. Mwadime alituma sukari na unga, Mama akavirudisha kwa gari lilelile lililovileta. Siku moja Mwadime alikuja mwenyewe, akabisha hodi. Mama alikuwa amekaa nyuma ya mlango na kikapu chake, akaniambia kwa sauti kubwa ili asikie:

"Wakesho, kuna mtu nje anafanana na mwanangu. Mwambie mama yake amesafiri."

"Mama, nafungua mimi," Mwadime akasema nje.

"Mwambie pia akifungua nitampiga na huu mkonge mbichi, mzee mzima na mvi zake."

Tulicheka sana siku hiyo, mimi na Mama! Tulicheka mpaka akashika mbavu. Mwadime aliondoka na vumbi la barabara.

Kanisani Mama alisimama akasema amemsamehe mwanawe. Nyumbani hakutaja jina lake. Na mimi? Mimi nilisubiri.

Wusi kuna baridi na ukungu, lakini ukungu ukiondoka unaona chini, tambarare yote ya upande wa Voi imetanda kama ngozi iliyoanikwa. Kuanzia mwezi wa kwanza jua lilikuwa kali ajabu. Watu walilalamika mahindi yanakauka. Mimi nilisimama nyuma ya nyumba na kikombe cha chai, nikaangalia kule chini na kusema moyoni, chemka... chemka tu. Niliota sauti ya bati likianguka. Niliamka nikitabasamu. Kila nikikutana na mtu aliyetoka Voi nilimuuliza habari za kule, nikisubiri aseme umesikia yaliyompata Mwadime? Hawakusema. Nilikuwa na subira. Nyinyi mnajua nilivyo na subira.

Mwezi wa pili nilipata kazi ya siku nne hapa Mwatate, kufundisha kikundi cha kina mama kutengeneza madirisha. Niliondoka Wusi Jumatatu. Jumanne asubuhi Mama alisikia kizunguzungu akaanguka shambani. Jirani hakunipata kwenye simu, akampigia Mwadime. Kwa haki niseme, Mwadime alikuja mbio na gari la kukodi akampeleka hospitali Voi. Ilikuwa presha. Daktari alisema akae karibu wiki moja apimwe kila siku. Kwa hiyo Mwadime akampeleka nyumbani kwake.

Simu iliita saa nane mchana, nikiwa nimetoka darasani.

"Wakesho, usishtuke, niko kwa yule mtu," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa nzuri. "Nilikataa, lakini nilikuwa sina nguvu ya kukataa vizuri."

"Pole, Mama. Wamekuweka wapi?"

"Chumbani kwao. Kina choo ndani, nisihangaike. Huyu msichana ameng'ang'ania, na tumbo lote hilo anasema atalala kwenye kochi. Nilikuja na maneno yangu ya kumwambia, sasa nimeyakosa."

Nilisogea mbali na mlango wa darasa.

"Mama... si uhamie chumba cha wageni? Hicho kina joto."

"Kwa nini nihame? Hewa inapita. Halafu nikilala naona kazi yako, mwanangu. Nimekuwa nikiihesabu ile mizabibu. Ulipiga kazi!"

Wasomaji wangu... ilikuwa imebaki sentensi moja. Mama, toka chini ya hiyo dari, niliiharibu. Sekunde tatu! Nilifungua mdomo. Na nikaona uso wake akisikia, na uso wa Mwadime, na kina mama wa darasa langu wakijua... nikafunga mdomo.

Nilimwambia nitakuja Ijumaa kumchukua. Nilijiambia vigae vimekaa miezi mitano, haviwezi kuanguka kesho. Nilijiambia ni siku tatu tu. Nikarudi darasani kueleza jinsi ya kupima fremu ya dirisha.

Vilianguka kesho yake, Jumatano, saa saba mchana, jua likiwa utosini.

Mama alikuwa ameketi kitandani akisuka. Alisikia kitu kikilia juu, akainua mkono wa kulia kukinga uso. Vigae sita vilishuka pamoja. Uso ulipona. Mkono haukupona.

Aliyemwokoa ni Damaris. Aliisahau aibu yote iliyokuwa kati yao, akaingia miguu peku kwenye yale mabati, akafunga ule mkono kwa leso yake, akambeba Mama hadi barabarani akipiga kelele za kuomba gari. Akiwa mjamzito wa miezi minane! Nilipoambiwa nilichukia zaidi. Nilitaka awe mtu mbaya. Nilimhitaji awe mbaya.

Nilifika hospitali jioni hiyo. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji hadi kiwiko. Daktari alieleza kwamba mishipa inayokunja vidole imekatika, wameishona, lakini kwa umri wake tusitarajie mengi. Vidole vitatu havikunji tena. Mama aliniona, akasema, "Usilie. Mkono huu si nimeutumia miaka sabini? Umechoka." Nililala sakafuni kando ya kitanda chake.

Hakuna aliyenishuku. Mwadime alisema ni joto. Fundi aliyeitwa kuangalia, asiyejua vigae hivi, alisema paa liko chini sana. Mimi nilitikisa kichwa kama mtaalamu na nikasema huenda.

Wiki tatu baadaye, Mama akiwa amerudi Wusi, alitutumia ujumbe sote watatu tufike Jumamosi asubuhi. Mtoto wa Damaris alikuwa bado hajazaliwa. Tulikaa kwenye viti uani, jua ndio kwanza limetoka, mimi upande mmoja, wao upande mwingine. Mama alikuwa na kikombe cha maji mkononi, mkono wa kushoto.

Wale ambao si Wataita niwaeleze. Wazee wetu waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni haikai bure. Inatoka yenyewe na kumdhuru mtu wa nyumba, ugonjwa au ajali. Kwa hiyo mtu akipatwa na baya, watu wa nyumba wanakutana. Kila mmoja anasema kilicho moyoni, anaweka kinywaji mdomoni na kukipuliza nje, na hasira inatoka nacho. Tunaita kutasa. Mama ni mtu wa kanisa, lakini hili hakuliacha.

Nilidhani ametuita atuulize sisi. Lakini alianza yeye.

"Watu wanasema ni joto," akasema. "Si joto. Ni mimi. Nilisimama kanisani nikasema nimemsamehe huyu mtoto. Nilidanganya mbele ya madhabahu. Nilimchukia. Nililala katika nyumba yake nikiwa bado namchukia, na nilimchukia huyu msichana aliyenipa kitanda chake. Hasira yangu iliona hapa hakuna pa kutokea ikarudi kunikata mimi mwenyewe. Sasa itoke. Itoke iende na maji haya."

Akapuliza maji nje. Kisha akanigeukia.

"Wakesho, nisamehe na wewe. Umenihudumia kama mtoto, kumbe nilikuwa nimebeba kitu kibaya ndani ya nyumba hii hii tunayolala."

Aliniomba mimi msamaha! Mimi!

Mwadime alichukua kikombe akilia. Alisema alikuwa na hasira na mama yake kwa kumfungia mlango. Akapuliza. Damaris alichukua, akasema alinikasirikia mimi kwa sababu kila ukuta wa ile nyumba una mikono yangu, na hapati pa kutundika hata picha. Akapuliza.

Kikombe kikanifikia. Niliweka maji mdomoni. Wote waliniangalia. Nilijua nikipuliza tu yamekwisha, Mama atakufa akiamini kwamba alijikata mwenyewe, na siri itazikwa na mimi. Nilisubiri mashavu yangu yafanye kazi. Hayakufanya.

Nikayameza.

"Wakesho?" Mama akaita.

"Haikuwa hasira yako, Mama. Ilikuwa misumari yangu."

Nikaeleza. Kwa utaratibu, tangu boksi la mizabibu hadi siku ya nne. Sikuacha kitu. Damaris alisimama, mikono juu ya tumbo, akasema, "Ulitaka kuniua na mtoto wangu?" Nikamwambia ndiyo, sina jibu lingine. Mwadime alirusha kiti, akatoa simu akisema anapiga polisi sasa hivi.

"Kaa chini," Mama akasema. "Polisi kwenye ua wangu hawaingii." Hakuwa ameinua sauti. Aliniangalia mimi tu.

"Nilipokupigia simu Jumanne, ulijua niko chini yake?"

"Nilijua, Mama."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Kuku walikuja wakapita kati ya viti. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa:

"Nilikuwa namkasirikia mwanangu kwa ajili yako. Halafu nikajikasirikia mimi. Sasa unaniambia hapana. Sasa mimi nimkasirikie nani, Wakesho?"

Aliniambia nikusanye vitu vyangu, na sauti yake haikuwa ya ukali. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilikwenda chuoni nikamweleza mkuu kila kitu na kuacha kazi. Hakuna aliyenifukuza. Ningewezaje kusimama tena mbele ya watu na kuwaambia mbao ndiyo inayobeba? Sasa nashona mifuko ya shule kwenye kibanda hapa sokoni. Mabinti zangu wanajua. Lilian anapiga simu, mdogo wake bado.

Kila Jumamosi napanda Wusi. Nafua nguo za Mama, nachota maji, nakata kuni. Ananiacha nifanye. Hanisalimii. Jumamosi iliyopita, nilipokuwa naanika shuka, alitoka akaketi kwenye kiti chake na kuninyooshea mkono wa kushoto bila neno. Kucha zilikuwa ndefu, na wa kulia hauwezi kushika wembe. Nilipiga magoti nikazikata moja moja. Nilipomaliza alirudi ndani.

Na Mwadime? Mtoto alizaliwa salama, msichana. Dari ilipigiliwa upya na fundi aliyeletwa kutoka mbali. Wanalala chini ya ile mizabibu hadi leo, wazima wote, hata alama hawana. Mnataka niseme nimemsamehe? Bado. Kuna asubuhi naamka nikiwa nimekunja ngumi. Ningekuwa mwongo nikisema hasira imeniisha. Lakini nimejua sasa kwamba kisasi changu hakikumgusa mtu hata mmoja niliyemlenga. Kilipita juu ya vichwa vyao kikamtafuta mtu aliyenipenda.

Dada yangu, kaka yangu unayesoma hapa huku umeumizwa, nakuelewa. Sikwambii usikasirike. Kasirika! Lia, gombana, nenda kortini, mwambie usoni alivyokufanyia hadi majirani watoke nje. Lakini usiiingize hasira yako kwenye kazi ya mikono yako, kwa sababu hujui nani atakuja kuitegemea. Na kama umeshaitega tayari mahali, iwe ni neno, ni sumu, ni msumari, bado hujachelewa hadi pale inapoanguka. Usisubiri Ijumaa kama mimi. Weka gazeti hili chini, chukua simu, mwambie mtu huyo atoke hapo. Utaaibika, najua. Aibika leo, wakati mikono ya wote bado mizima.